Miguu ya Wifi Yako

Hapana dada, sijakunyima mikono. Ulivyonikatia simu nilibaki naongea na hewa kama kichaa, kitu nimekibana sikioni, watu wanapita wananishangaa. Nikapiga tena, umezima. Nikampigia shemeji, akapokea kwa kunong'ona kama mwizi, akasema mwenye nyumba wake, yaani wewe, kakasirika, nisimponze, naye akakata. Nikaona basi, dada yangu simu atanizimia, barua hawezi kuizima. Akisema aichane, atakuwa keshaisoma nusu. Namjua kwa umbea.

Shikamoo lakini. Mkubwa ni mkubwa hata akinuna. Naomba barua hii ikukute unapumua vizuri, wewe na huyo mgeni uliyembeba, na shemeji pia, pamoja na ule mgongo wake unaouma kila panapotokea mzigo wa kunyanyua. Mimi huku nipo, njaa naipiga chenga, mwenye nyumba namkwepa, meno yote bado yamo kinywani. Mwandiko wangu usiucheke. Shule niliachia darasa la nne, na siku niliyoacha mwalimu alifurahi kuliko mimi.

Sasa neno lenyewe nalitanguliza, nisije nikakuzungusha kama muuza mitumba. Hayo uliyonieleza, kwamba miguu imevimba hadi ndala hazipiti, uso umejaa ukiamka, na kichwa kinagonga hakitaki kuacha, hayo yanataka kupimwa presha. Siyo mwezi ujao, siyo shemeji akipata nafasi. Ukimaliza mstari huu vaa utoke. Hii barua utaimalizia kwenye foleni, foleni zetu unazijua, utaisoma na kuirudia.

Hujatoka. Umebinua mdomo unaendelea kusoma. Haya, soma.

Najua kwa nini hutaki kurudi kliniki. Shemeji alinisimulia. Umeenda na mimba yako ya kwanza, mimba iliyokuja wakati hata mashangazi wamechoka kuuliza, na yule binti wa pale dirishani akakutazama juu mpaka chini akakuuliza eti bibi, umemsindikiza nani. Wewe ukageuza, ukarudi nyumbani, na kadi ukaitupa juu ya kabati. Ningekuwepo ningemjibu nimemsindikiza bibi yako, kakojoa njiani. Lakini dada, mdomo wa yule binti haupimi presha. Kinachopima ni mashine, na mashine haijui umri wala haina dharau.

Wewe ukaona usihangaike. Ukasema mdogo wako si ndiye Dokta Nyayo, wageni wanapanga mstari kumpa miguu yao, sasa atashindwaje kuja kumkanda dada yake aliyemlea, au amwelekeze shemeji kwenye simu abonyeze wapi. Nilipokwambia kapimwe kwanza, ukasema mji umenivimbisha kichwa. Ukasema hata wifi yako alinikimbia kwa hayo hayo. Hapo ndipo nikarukia mambo mengine, na wewe ukadhani nimekosa jibu. Jibu ninalo. Nyumbani sijampa mtu yeyote.

Unakumbuka nilianza kama fundi viatu, nje ya geti la kliniki ya wajawazito. Nilipachagua pale kwa akili. Mjamzito akifika miezi ya mwisho, mguu unakua na kiatu hakikui, kwa hiyo mkanda lazima ukatike, na mkanda ukikatika fundi anakula. Siku moja akaja bwana mmoja na suti nzito juani, anatembeza ndala za vipele, zile ukivaa unajisikia unakanyaga maharage mabichi. Soli yake ikabanduka mbele yangu. Nikamshonea, akanilipa kwa mchoro. Mchoro wa nyayo mbili, zimepakwa rangi rangi kama ramani ya shuleni: kidole gumba ni kichwa, chini ya vidole ni mapafu, katikati ni tumbo, kisigino ni nyonga. Akaniambia mwili mzima umeandikwa chini ya mguu, na elimu hiyo inaitwa rifleksolojia. Neno refu hivyo mimi sikuwa na pa kuliweka. Nikaliita kukanda nyayo, nikaugongomea mchoro kwenye ubao wangu.

Mwanzo ilikuwa mzaha. Mama amekaa ananisubiri nimalize kiatu, mguu uko wazi, namwambia lete nikusaidie. Nabonyeza, nasugua, napiga porojo. Wakiniuliza nilisomea wapi, nawajibu ng'ambo. Na kweli, ng'ambo ya barabara, pale nilipokuwa napanga viatu kabla askari wa jiji hawajanifukuza. Wanacheka mpaka matumbo yanatikisika. Lakini dada, nikuambie ukweli, walikuwa wanapata nafuu. Mmoja alikuwa halali kwa mgongo, akapitiwa na usingizi pale pale kwenye kigoda, tukamzibia jua kwa khanga. Mwingine alikuja amenuna kama wewe, akaondoka anaimba. Sikuwa tapeli mzima. Nilikuwa tapeli nusu, na ile nusu nyingine ilikuwa inajua kazi.

Sifa zikavuka geti. Mkunga mkuu wa pale, tuliyemwita Sista Kipenga kwa sauti yake, akatoka mwenyewe kuja kunitazama. Nilijua nafukuzwa, nikaanza kukunja mchoro. Kumbe ana shida zake. Foleni ndefu, wanawake wamechoka, wanagombana, wiki ile walikuwa wamevutana vitambaa vya kichwa. Akaniambia ataniwekea benchi ndani, mlangoni, niwatulize. Akanipa masharti. Nisimguse mwenye homa wala anayetokwa damu. Nisibonyeze nyuma ya kifundo upande wa ndani, kwa sababu wenye kazi hiyo wanasema huko kunaweza kuita uchungu kabla ya siku. Na nisijiite mganga. Akasema mimi ni kama mto wa kulalia, kazi yangu kumpumzisha mtu, kuponya niwaachie wao. Nikakubali yote. Kwa benchi la ndani, dada, ningekubali hata kuitwa godoro.

Tazama sasa benchi lilivyokaa, maana kila kitu kiko hapo. Mlango, kisha mimi, kisha foleni, kisha meza ya muuguzi. Mtu anaingia, ananipa miguu, akitoka kwangu ndiyo anakwenda kupimwa. Hakuna aliyeliona tatizo. Si Sista Kipenga na vyeti vyake, si mimi na darasa langu la nne.

Na mashine yao ya presha wakati ule ilikuwa mgonjwa kuliko wagonjwa. Kile kitambaa cha kufunga mkononi kilikuwa kinavuja upepo kama tairi la baiskeli. Siku nyingine kinakubali, siku nyingine wanakizungusha kwa plasta, siku nyingine wanakirudisha tu kwenye droo. Vile vijiti vya kupimia mkojo navyo viliisha, wakaambiwa vinakuja. Vinakuja, vinakuja, kama mkombozi. Basi muuguzi wa mezani alifanya alivyoweza. Anakuinulia gauni kidogo, anakubonyeza kwenye muundi kwa dole gumba, anaachia. Pakibaki shimo, anakuandikia hospitali kubwa siku hiyo hiyo. Pasipobaki shimo, anakuambia mama uko vizuri, tuonane mwezi ujao. Nilikuwa nayaona hayo kila siku nikiwa nimekaa na mafuta yangu, na sikuwahi kujiuliza chochote.

Hapo ndipo wifi yako akapata mimba.

Sikukuficha furaha yangu, si nilikupigia nikapayuka mpaka ukaniambia nipunguze sauti nitamshtua mtoto? Lakini sikukuambia nilivyoigeuza ile furaha kuwa biashara. Mimi ni Dokta Nyayo, na mke wangu ni mjamzito, anapanga foleni ile ile na wateja wangu. Wote wanatazama miguu yake. Miezi ilipokwenda ikaanza kuvimba. Nikajiambia, kinyozi mwenye mke wa nywele timutimu nani atamkalia kiti? Kwa hiyo kila siku ya kliniki, kabla hatujatoka, namlaza, namwinulia miguu ukutani, namletea maji ya vuguvugu ya chumvi, nampaka mafuta, nakanda kutoka vidoleni kupanda magotini, nakanda, nakanda, mpaka ule uvimbe unakimbia na muundi unang'aa. Alikuwa anasema inatekenya. Alikuwa anasema kama si mimba, hata nisingemkumbuka hivi.

Tukifika, namwambia apite taratibu mbele ya foleni kwa ndala zake, mimi napiga kelele nawaambia mabibi, tazameni bidhaa ya maonyesho, mwezi wa nane huo na miguu ya msichana wa shule. Wanapiga makofi. Yeye anaziba mdomo kwa kiganja kwa haya, lakini anapita tena. Akifika mezani, muuguzi anambonyeza muundi. Hakuna shimo. Siku moja yule muuguzi akanigeukia akaniambia nawanyang'anya kazi, nikiendelea hivi watafunga kliniki. Tulicheka wote, dada. Mimi ndiye niliyecheka kwa sauti kubwa.

Kichwa kilianza kumuuma. Nikabonyeza kidole gumba, si ndiyo kichwa kwenye mchoro? Kikatulia, akalala. Kesho yake kikarudi, nikabonyeza tena. Akaniambia anaona vimulimuli mchana. Nikamjibu atazoea, ameolewa na nyota.

Wewe cheka kama unaweza.

Siku yenyewe ilikuwa mchana kweupe, watu wanapika, redio ya jirani inapiga muziki. Alikuwa anakunja vijinguo vya mtoto kitandani. Mimi niko nje nabishana na mtu kuhusu bei ya kisigino. Nikasikia jirani analia akiita jina langu. Nimeingia nimemkuta chini, mwili unarushwa, macho yamegeuka, ameuma ulimi. Huyu anasema lete kijiko, huyu kitunguu anuse, huyu anasema kapandwa na pepo. Tulimbeba kwa mkokoteni wa muuza maji hadi barabarani ndiyo tukapata gari.

Hospitali kubwa daktari alimfunga kile kitambaa, kizima hiki, kisichovuja, akaitazama mashine, akapima tena kama mtu aliyesoma vibaya. Akaniuliza miguu ilianza kuvimba lini. Nikamjibu kwa majivuno. Nasema kwa majivuno, dada, mke wangu yuko pale ana mipira puani na mimi nimetoa kifua: daktari, mke wangu havimbi, mimi mwenyewe namkanda. Akaniuliza namkanda lini. Nikamwambia kila siku, na siku ya kliniki zaidi. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alivuta kiti akakaa, akanieleza taratibu kama unavyomweleza mtoto.

Alisema ule ni ugonjwa wa presha ya mimba, ukiachwa unafika kwenye kifafa. Alisema kukanda miguu hakukumletea, na kukanda miguu kusingemwondolea. Dalili ya mvua ni mawingu, na mimi kila asubuhi ya kliniki nilikuwa naamka nafukuza mawingu ili watu wasiyaone. Shida haikuwa mikono yangu kushindwa kazi. Mikono iliiweza. Laiti nisingekuwa na kipaji, yule muuguzi angebonyeza, angeona shimo, angemwandikia hospitali siku ile ile aliyokuwa ananitania. Kama mtoto angepona, daktari alisema hakuna wa kuapa. Ila wangekuwa na muda, na sisi tulifika muda umeisha.

Alikuwa wa kike. Alitoka kimya. Nyinyi niliwaambia bahati mbaya ya uzazi, mkalia, mkasema kazi ya Mungu, nami nikaitikia amina kama vile sijui ni kazi ya nani.

Na wifi yako hakunikimbia kwa sababu ya kichwa changu kuvimba. Alipopata fahamu na daktari akamweleza naye, nilikaa mwisho wa kitanda. Mtu kama mimi mdomo ukikauka mikono ndiyo inaongea. Nikamshika mguu nianze kumkanda, ndiyo pole ninayoijua. Akauvuta taratibu, akauingiza chini ya shuka, kisha na wa pili. Akaniambia, bila kupaza sauti, kwamba ningebaki fundi viatu mwanawe angekuwa ananyonya sasa hivi. Akasema nisimguse tena. Alipopata nguvu akaenda kwao.

Wewe ulimpigia simu ukamwita moyo wa jiwe, mwanamke gani anamwacha mume kwenye msiba. Nilikuwa nimekaa pembeni yako, nilisikia kila neno, na nikakuacha. Yeye hakukujibu. Mpaka leo, hata wazazi wake amewaambia ilikuwa majaliwa tu. Ameniziba aibu huku sisi tunamtukana. Ukitaka kujua moyo wa jiwe uko kwa nani, usiende mbali.

Pale kliniki napo, hospitali kubwa ilipowauliza, walihitaji mwenye kosa, na mimi ndiye niliyekuwa sina cheti cha kujikinga. Sista Kipenga alilia, hilo nampa, lakini alilia huku anauchana mchoro wangu. Wakaniambia mbele ya foleni kwamba mimi ni mpiga ramli wa nyayo, walinihurumia wakanipa kivuli na nimewaharibia jina. Hakuna aliyekitaja kile kitambaa kinachovuja. Baada ya hapo mashine mpya ikaja upesi sana, utafikiri ilikuwa imejificha nyuma ya mlango. Na kichekesho, benchi limerudi! Amekaa binti na koti jeupe na mchoro mpya wa kioo, anakanda vizuri tu, simnyimi sifa yake. Lakini limekaa pale pale. Mlango, kisha yeye, kisha foleni, kisha meza.

Nilienda kuwaambia wahamishe tu benchi, waliweke upande wa kutokea, mtu apimwe ndiyo akandwe. Sikuomba kazi, sikuomba msamaha, niliomba benchi lisogee. Mlinzi akanitoa kwa kola, akasema ni wivu wa biashara. Wanawake niliowakanda mwenyewe wakanizomea.

Kwa hiyo mimi sasa niko nje, kwenye geti la kutokea, na sanduku langu la misumari. Anayetoka namuuliza kama amepimwa presha na wamemwambia nini. Akiwa amepimwa na yuko salama, naanza kazi, na bado nampunguzia mgongo na kumletea usingizi kama zamani. Akiwa hajapimwa nashona kiatu tu, mguu siugusi hata akinililia. Wanasema nimerogwa. Biashara imekauka, wengi wanakwenda kwa koti jeupe ambako hawaulizwi maswali. Hao ndio wageni uliosema wanapanga mstari. Mstari wenyewe siku hizi unaweza kuuketisha kwenye kigoda kimoja.

Ndiyo maana sikukuelekeza pa kubonyeza. Ningeweza. Ningemwelekeza shemeji na jioni ile ile miguu yako ingepungua, ungenisifia mtaa mzima, na kichwa kingetulia ukalala vizuri. Nilishamlaza mtu vizuri hivyo.

Basi dada, mimi ni mtu wa biashara, bure sina, nakuletea mapatano. Wewe utapeleka mkono wako ukafungwe kitambaa, na mkojo wako ukapimwe, hospitali yoyote yenye mashine nzima, na kama watakulaza utalala. Mimi kwa upande wangu nitafunga sanduku nije nikae kwako mpaka ujifungue na baada ya hapo. Kila utakapotoka kupimwa, wakisema ruksa nitakukanda mpaka ukorome. Nitafua nepi. Nitambebea shemeji mizigo yote ya mgongo wake. Yule binti wa dirishani akikuuliza tena umemsindikiza nani, nitasimama mimi niseme mimba ni yangu, wacheke, wewe upite. Na wifi yako utampigia simu wewe mwenyewe kumwomba radhi. Simu yangu hapokei.

Msalimie shemeji, mwambie asome hapa mwenyewe. Shem, barua ikifika nibipu, usiongee, atakusikia. Bipu moja ni amekubali, nawakuta hospitali. Bipu mbili ni amekataa, basi nakuja nyumbani na gari la kukodi, nambeba hivyo hivyo alivyonuna. Viatu nimeshavaa.

Ni mimi kitindamimba wako,
Fundi Viatu